Mbwa miezi minne na nusu, mguu mmoja wa mbele unapinda nje: ni matege?

mlinzi_mbagala
Habari wakuu. German Shepherd dume, kilo 16. Mguu wa mbele wa kulia umepinda kuanzia kwenye kifundo, unyayo unaangalia nje. Wa kushoto hauna shida. Asubuhi anachechemea, akishapasha mwili anakimbia. Anakula ugali wa dona na mapupu, siku moja moja vichwa vya kuku. Wiki sita nyuma geti lilimbana mguu huohuo, akapona baada ya siku tatu. Duka la dawa za mifugo wanasema ni matege, nimpe chokaa ya mifugo (unga wa kalsiamu) na nimwanike juani. Jirani anasema nifunge vijiti vya mianzi. Nifuate lipi?

kiwiko
Mkuu, lolote kati ya hayo lisubiri. Matege ya chakula hayachagui mguu mmoja. Yangekuwa hayo, miguu yote ingeonyesha dalili, hata ya nyuma. Mimi ningemshuku geti.

Mkono wa mbwa una mifupa miwili inayokua sambamba, radiasi na ulna. Radiasi hukua kutoka ncha zote mbili. Ulna hutegemea gegedu la ukuaji la chini (sehemu laini ambapo mfupa hurefukia), pale juu ya kifundo, kwa takriban asilimia 85 ya urefu wake. Gegedu hilo lina umbo la koni, hivyo likibanwa haliteleziki pembeni, linasagika. Ulna inasimama, radiasi inaendelea. Hapo ulna inakuwa kamba na radiasi inakuwa upinde. Unaona unyayo umegeuka, lakini kinachoharibika kimyakimya ni kiwiko, maana ulna fupi inakivuta kiache nafasi yake.

Eksirei ya siku ya ajali mara nyingi huonekana safi. Wiki sita baadaye ndiyo inasema kweli. Dai picha za miguu yote miwili ya mbele, kila mmoja upigwe kutoka mbele na kutoka ubavuni, kifundo na kiwiko vikiwa ndani ya picha moja. Huo wa kushoto ndio kipimo chako. Mbwa alazwe kwa dawa ya usingizi, akijipinda kidogo tu pembe zote zinadanganya.

Gegedu likiwa limekufa, daktari hukata kipande cha ulna cha sentimita 1 hadi 2 pamoja na utando unaoufunika, kisha hujaza mafuta ya tumboni mwa mbwa mwenyewe ili mfupa usiunge haraka. Utando ukiachwa, umri huu unaunga upesi na kazi inarudiwa. Radiasi ikiachiwa mapema, mpindo mdogo unaweza kujinyoosha wenyewe. Ukisubiri amalize kukua, itabidi radiasi ikatwe, inyooshwe na kufungwa bamba na skrubu. Kwa hiyo wiki zina thamani hapa.

dona_na_dagaa
Naafiki, ila chakula hicho nacho ni kosa la pili. Nyama isiyo na mfupa ina fosforasi mara 15 hadi 20 ya kalsiamu, na dona inaongeza fosforasi. Mwili unafidia kwa kuchota kwenye mifupa. Daktari akikata mfupa mwembamba, skrubu hazishiki.

Jua halisaidii. Ngozi ya mbwa haitengenezi vitamini D ya kutosha, lazima aile. Chokaa nayo usikisie, mbwa wa aina kubwa akiwa bado mtoto utumbo wake haukatai kalsiamu ya ziada, na ikizidi inaharibu gegedu hilohilo. Kilo 16 anahitaji karibu kilokalori 1,100 kwa siku, yaani kalsiamu gramu 3 hadi 3.5 kwa chakula chote. Kijiko kimoja cha chai cha chokaa kinabeba kama gramu 2, ona ilivyo rahisi kupitiliza. Chakula kikavu cha watoto wa mbwa wa aina kubwa ndicho njia fupi, na ukishampa hicho usiongeze kitu.

mlinzi_mbagala
Asanteni. Diklofenaki anapochechemea, nimpe?

kiwiko
Usimpe, wala ibuprofeni. Zinatoboa tumbo la mbwa na kuua figo. Meloksikamu inatumika, miligramu 0.2 kwa kilo siku ya kwanza, halafu 0.1, baada ya chakula na baada ya daktari kumwona. Kwake ni 3.2, kisha 1.6. Kidonge cha binadamu cha 7.5 ni zaidi ya mara mbili ya dozi ya kwanza.

Vijiti vya mianzi havinyooshi mfupa uliopinda. Vinadhoofisha misuli, na kwa joto letu ngozi chini ya bandeji inalowa na kuchubuka haraka. Akiwa na homa au viungo vingi vimevimba, mwulize daktari kuhusu magonjwa ya kupe pia.

Mtoe kwenye vigae vinavyoteleza. Kila Jumamosi msimamishe kwenye mstari wa kigae, piga picha kutoka mbele, simu ikiwa kimo cha kifua chake. Ukikosa daktari wa upasuaji wa mifupa Dar, hospitali ya wanyama ya SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), Morogoro, ipigie kwanza uulize siku za mpasuaji, upeleke picha hizo na eksirei.