Daktari wa miaka 33 kuwa waziri wa mazingira, mnaonaje?

Wadau, habari za jioni. Nauza dagaa mwalo wa Kirumba, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Mdogo wangu anasomea udaktari, lakini moyo wake uko kwenye siasa, anataka kulipigania ziwa. Kanionyesha habari za Oliver Dulić wa Serbia: kazaliwa 1975, daktari, mwaka 2007 akawa spika wa bunge, na Julai 2008 akapewa wizara ya mazingira. Mwaka uliofuata wakaanzisha kampeni ya kuisafisha Serbia, kuondoa majalala ya holela. Dogo aache chuo?

Jibu 1
Asiache! Mimi niko Igogo. Mvua kubwa ikinyesha, Mto Mirongo unashusha chupa, mifuko, hadi ndala za watoto, vyote ziwani. Wiki hiyohiyo mwanangu akaharisha. Mtu aliyewahi kumtundikia mtoto dripu atausemea mto huu kwa uchungu.

Jibu 2
Tena huyo Dulić alipitia bungeni kwanza, ndani ya chama cha Boris Tadić, rais wa Serbia wakati huo. Mwaka 2011 wizara yake ikaongezewa na madini. Hapo mimi sikubaliani nao kabisa: anayelinda maji asiwe ndiye msimamizi wa migodi. Sisi wa Kanda ya Ziwa tunaielewa hiyo.

Muuliza swali
Ahsanteni sana. Nimempigia sasa hivi, amekubali kumaliza. Jumamosi anakuja mwaloni tuopoe magugu maji, mitumbwi imeshindwa kutoka tangu juzi. Mwenye reki ya ziada aje nayo saa kumi na mbili asubuhi.