Buffy au The Wheel of Time: kipi kimfae asiyependa vampaya wala vitabu vinene?

Bundi_Mkesha:
Wakuu, tulinganishe vitu viwili ambavyo watu huvianza kwa dharau, kisha wakakesha navyo. Kuna tamthiliya ya Buffy the Vampire Slayer, ya msichana wa sekondari anayewinda vampaya (1997–2003, misimu 7, episodi 144), na saga ya vitabu vya fantasia ya The Wheel of Time (juzuu 14, 1990–2013, achilia mbali kitangulizi). Jina la kwanza linasikika kama mzaha, la pili linatisha kwa unene. Asiye mpenzi wa vampaya wala fantasia aanze na kipi, na aingilie wapi asije akachoka njiani?

Juzuu14:
Hesabu kwanza. Episodi ya Buffy ni kama dakika 43, zote jumla saa 103 hivi. Wheel ina maneno zaidi ya milioni 4. Kwa mwendo wa maneno 250 kwa dakika, humalizi chini ya saa 260. Kwa hiyo pima kionjo kwa kionjo. Msimu wa 1 wa Buffy una episodi 12 tu, saa 8 na nusu. Juzuu ya 1 ya Wheel peke yake ni kama laki 3 za maneno, saa 20. Kwa mgeni, Buffy ni rahisi kuonja na kutema.

Kigingi:
Tatizo ni kwamba msimu huo wa 1 ndio unaofukuza watu. Bajeti ndogo, mazimwi ya mpira, kila wiki kiumbe kipya. Anayetaka mkato atazame ya 1 na ya 2 (ni hadithi moja iliyokatwa katikati), ya 7 na ya 12. Ya 4 na ya 8 ruka bila huruma. Msimu wa 2 fuata mpangilio: vampaya Spike anaingia episodi ya 3, halafu ya 13 na ya 14 zinageuza meza. Mpaka hapo mazimwi yalikuwa mafumbo ya maisha ya sekondari. Kwenye ya 14 fumbo linauma kweli. Ambaye hata hiyo haikumgusa aache tu.

Shangazi_Msimu5:
Kigingi mwanangu, ya 4 sina ubishi. Ya 8 hapana! Ni kweli lile zimwi la kwenye intaneti limezeeka vibaya, lakini ndimo anamoingia mwalimu Jenny Calendar kwa mara ya kwanza. Ukiiruka, msimu wa 2 utamkuta anachekeana na Giles, mkutubi anayemfunza Buffy, na hujui katokea wapi, na mambo yake ndiyo yanayobeba nusu ya pili ya msimu ule. Itazame huku unakunja nguo, lakini itazame.

Kigingi:
Nimekubali, Shangazi. Ya 8 inarudi.

FremuMraba:
Mbona hakuna aliyetaja picha? Buffy ilitengenezwa kwa fremu ya 4:3, ile ya TV za zamani inayokaribia mraba. Kuna toleo lililosafishwa upya na kupanuliwa lijaze skrini pana, nalo limeharibu kazi. Pembeni vinachungulia vifaa na watu wa studio ambao hukutakiwa kuwaona, na kwingine vichwa vimekatwa juu. Rangi ndiyo balaa zaidi: baadhi ya matukio ya usiku yalitiwa giza na ubuluu baadaye, kwenye uhariri, na toleo jipya limeiruka hatua hiyo. Unamwona vampaya anakatiza kwenye mwanga mweupe kama anakwenda sokoni, ilhali kwenye hadithi hii jua linamteketeza. Mgeni anadhani mwandishi kazembea. Toleo sahihi kwenye skrini pana linaacha mistari mieusi kushoto na kulia.

Juzuu14:
Sasa Wheel. Juzuu ya 1 inaiga kwa makusudi safari za fantasia ya zamani: kijana wa kijijini, mgeni mwenye siri, mpanda farasi mweusi. Wengi huitupa hapo wakidhani walishaisoma kwingine. Kwa maoni yangu saga inafunguka juzuu ya 4, sura za 25 na 26. Rand, yule kijana wa kijijini, anapita katikati ya nguzo za kioo kule Rhuidean, mji wa jangwani, na kila anapopiga hatua anatazama kwa macho ya babu wa nyuma zaidi. Historia ya Waaiel, wapiganaji wa jangwa hilo, inakwenda kinyumenyume: desturi unaikuta kwanza, chanzo chake unakigundua kurasa kadhaa mbele. Ila usirukie huko moja kwa moja. Zile sura zinauma kwa sababu tayari umewazoea Waaiel kama watu wa mkuki.

Majina yanapita 2,000, usijaribu kuyashika yote. Kwenye karatasi moja andika rangi 7 za Ajah (makundi ya wanawake wenye uchawi) na kazi ya kila moja; saidin, nguvu ya uchawi ya wanaume, iliyochafuliwa, na saidar ya wanawake; na wale Forsaken 13, watumishi wakuu wa yule mwovu. Faharasa ya mwishoni itumie kwa matamshi tu, ukianza kusoma maelezo yake utajiharibia uhondo.

Pumzi_Ndefu:
Niongeze tahadhari ya juzuu ya 10. Sehemu kubwa ya mwanzo wake inarudi nyuma hadi tukio lililofunga juzuu ya 9, kuonyesha watu wengine walikuwa wapi na walilihisije kwa mbali. Asiyejua hudhani hadithi imekwama. Rudia sura ya mwisho ya 9 kabla ya kuianza, na uwe na ya 11 mkononi. Kitangulizi, New Spring, kilitoka 2004, katikati ya juzuu ya 10 na ya 11. Kisome hapo, si mwanzoni. Mwandishi wa saga, Robert Jordan, alifariki 2007, na juzuu 3 za mwisho akazimalizia mwandishi mwingine, Brandon Sanderson, kwa maandiko aliyoachiwa. Utaligundua hilo kwa Mat, rafiki wa Rand, kwenye ya 12: utani wake una sauti ya mtu mwingine.

Bundi_Mkesha:
Na tamthiliya ya Wheel je?

Pumzi_Ndefu:
Misimu 3, episodi 24, ikasitishwa 2025. Rhuidean ni episodi ya 4 ya msimu wa 3 na wameipatia haswa. Ila hadithi inaning'inia hewani, utabaki na arosto.

Shangazi_Msimu5:
Ukifika msimu wa 4 wa Buffy, anza kupokezana na Angel, tamthiliya iliyochipuka kutoka Buffy, episodi moja huku, moja kule. Muhimu kuliko zote ni Buffy msimu wa 5 episodi ya 7, kisha Angel msimu wa 2 episodi ya 7; zilirushwa usiku mmoja, Novemba 2000. Vampaya walewale wanne wanapita kwenye mtaa uleule unaoungua, China, mwaka 1900. Mara ya kwanza ni maringo matupu. Mara ya pili tayari unajua mmoja wao anaigiza, na unabaki unamtazama usoni yeye tu. Ukitanguliza ya Angel, umejinyima.