ISU, shirikisho la dunia la skeiti, wanauliza kwa nini hatutazami skeiti ya barafuni, wakati wao ndio waliotufungia mlango

Wakuu, heshima kwenu. Mods, tafadhali msiuunganishe uzi huu na ule wa michezo mchanganyiko, una hoja yake.

Nimechoka kuwasikia wakubwa wa skeiti ya barafuni, ile inayochezwa kwa muziki, wakilalamika kwamba vijana hawautaki tena mchezo wao. Dawa yao kila mara ni ile ile: tufupishe, tuongeze mbwembwe. Muziki wenye maneno ukaruhusiwa kwa wote msimu wa 2014/15. Mwaka 2018 programu ndefu (onyesho la pili na kuu la mchezaji) ya wanaume ikakatwa kutoka dakika nne na nusu hadi nne. Sina ugomvi na hayo. Lakini hivi kuna mtu aliacha kutazama skeiti kwa sababu ya nusu dakika? Watu wanaacha kwa sababu wanatazama hadi mwisho na bado hawajui nani kashinda kwa lipi, na hakuna anayejiona ana wajibu wa kuwaeleza.

Chukueni jambo linalotokea karibu kila shindano. Binti anaruka mruko uitwao akseli, mizunguko mitatu na nusu hewani, anatua bila kuyumba, ukumbi mzima unasimama. Anakwenda kukaa na kocha wake kwenye benchi la kusubiria alama. Alama zinatoka, ziko chini. Wewe uliyekuwa unashangilia unabaki umeduwaa. Kumbe jopo la ufundi limerudia picha polepole na kuona mguu uligusa barafu kabla mzunguko haujakamilika. Ukipungukiwa robo ya mzunguko hasa wanaandika q. Ikizidi robo wanaandika <, na ile akseli yenye thamani ya alama 8.00 inashuka hadi 6.40. Ikifika nusu wanaandika <<, na hapo unahesabiwa umeruka mizunguko miwili na nusu tu, yaani 3.30. Tofauti hiyo inatosha kabisa kumtoa mtu kwenye medali!

Sasa mtazamaji wa kawaida anazipata wapi habari hizo? Kwenye karatasi ya PDF inayowekwa mtandaoni baadaye, imejaa vifupisho kama risiti ya benki. Kwenye runinga kuna kisanduku cha kona kinachogeuka rangi ya njano mruko ukiwa unakaguliwa. Unakaguliwa kwa kosa gani, hakisemi. Na jopo lenyewe linaamua kwa kutegemea picha ya kamera moja, kwa hiyo mruko ukifanyika pembe mbaya ya uwanja, bahati ndiyo inayoamua. Tenisi wanakuonyesha mpira ulipodondokea. Mpira wa miguu wanakuchorea mstari wa kuotea, unabisha lakini umeuona. Hawa wanashindwa nini kurusha kwenye skrini kubwa ya ukumbini picha ile ile wanayoitazama majaji, na sentensi moja chini yake: mzunguko haukukamilika? Ningepewa nafasi ya kubadilisha kitu kimoja tu katika mchezo huu, kingekuwa hicho.

Kuna wadau watasema turudi kwenye mfumo wa zamani wa 6.0, ambapo alama ya juu kabisa ya jaji ilikuwa 6.0 na kila mtu aliuelewa. Mimi sitaki, na nasema hivyo nikiwa nakumbuka vizuri uliishia wapi. Olimpiki ya Salt Lake City 2002, jaji wa Ufaransa akadai alishinikizwa kuwapigia kura Warusi Yelena Berezhnaya na Anton Sikharulidze. Ikabidi Wakanada Jamie Salé na David Pelletier wapewe dhahabu ya pili siku chache baadaye. Mfumo wa sasa unaojumlisha alama kwa kila kipengele ulipitishwa mwaka 2004, na kwa kweli ni wa haki zaidi: mtu aliyeanza vibaya anaweza kupanda kutoka chini. Kinachoniudhi ni kwamba walipokuwa wanasafisha nyumba waliwaficha majaji. Alama zikawa zinatolewa bila kuonyesha ni ya jaji yupi, na hali ikaendelea hivyo hadi 2016.

Matokeo yake mliyaona Olimpiki ya Sochi 2014. Mrusi Adelina Sotnikova alipata 224.59, Mkorea Yuna Kim 219.11, na watu zaidi ya milioni 1.5 wakasaini malalamiko mtandaoni. Sisemi Sotnikova hakustahili. Aliruka miruko migumu zaidi, na ukikaa na karatasi za alama unaweza kuitetea hesabu. Lakini kwenye meza ya majaji alikaa mke wa kigogo wa shirikisho la Urusi, na mwingine ambaye aliwahi kufungiwa kwa kujaribu kupanga matokeo ya Olimpiki ya Nagano 1998. Na alama zao hazikuwa na majina! Hata kama kila kitu kilikuwa safi, nani angeamini? Leo majina yanaonekana, sawa, lakini majaji bado wanapendekezwa na mashirikisho ya nchi zao. Nani hapa angekubali mechi ya Simba na Yanga ichezeshwe na refa aliyependekezwa na Yanga? ISU wawaajiri wao majaji na wawalipe wao, mambo ya kutumwa na nchi yaishe.

Suala la Kamila Valieva, yule Mrusi aliyekutwa na dawa zilizopigwa marufuku, sitalirudia lote, lilishajadiliwa sana. Nakumbusha tu kwamba mashindano ya timu ya Olimpiki ya Beijing yalifanyika Februari 2022, na Wamarekani na Wajapani wakavalishwa medali zao Agosti 2024, wakati wa kiangazi, jijini Paris. Mtoto aliyewashangilia akiwa darasa la sita alishafika sekondari.

Halafu kuna hili la kubinuka kinyumenyume. Mmarekani Terry Kubicka alifanya Olimpiki ya Innsbruck 1976, wakapiga marufuku. Mfaransa Surya Bonaly, bingwa wa Ulaya mara tano, akafanya Nagano 1998 na kutua kwa mguu mmoja, akiwa anajua watamkata alama. Wakamkata, akamaliza wa kumi. Mwaka 2024 wakaruhusu, na sasa Mmarekani Ilia Malinin na Mfaransa Adam Siao Him Fa wakibinuka ukumbi unalipuka, na ISU nao wanajisifu kwamba wameuchangamsha mchezo. Mwanamke mweusi aliwaonyesha miaka 26 kabla, wakamwadhibu. Sijasikia wakimwomba radhi.

Na anayetaka kuniambia huu ni mchezo wa Wazungu, aanze na Bonaly huyo. Aendelee na Debi Thomas, bingwa wa dunia 1986 na mtu mweusi wa kwanza kupata medali ya Olimpiki ya majira ya baridi, Calgary 1988. Halafu ahesabu Wajapani. Yuzuru Hanyu, baada ya kuacha mashindano, alijaza Tokyo Dome Februari 2023: watu 35,000 kumtazama mtu mmoja tu, bila mpinzani, bila medali. Watazamaji wapo. Hata hapa jirani, hoteli ya Panari pale Nairobi ilifungua uwanja wa barafu mwaka 2005, na vijana waliojifunzia hapo wameifikisha Kenya kwenye shirikisho la dunia la hoki ya barafu mwaka 2024. Huko hoki wamefungua mlango, skeiti ya muziki wanasubiri nini?

Kuona tu ni vita. Mashindano ya vijana ya Grand Prix wanayarusha bure YouTube, dunia nzima inatazama, na maoni yanamiminika kwa lugha kibao. Ukifika kwa wakubwa, panapoanza utamu wenyewe, unakutana na maandishi kwamba video haipatikani nchini mwako, na kituo chenye haki za kuonyesha hakionyeshi. Mmarekani Alysa Liu aliacha skeiti akiwa na miaka 16, akapumzika, akarudi kwa hiari yake na kutwaa ubingwa wa dunia Boston 2025 huku akicheka katikati ya programu. Hadithi kama hiyo ingeweza kumpata shabiki mpya hata Mbagala. Mimi nimeiona kwa vipande vya sekunde thelathini vilivyorekodiwa kwa simu na mtu aliyekuwa jukwaani.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Wenye akaunti X, tuwaandikie ISU kwa wingi suala la picha za jopo kwenye skrini, Kiswahili au Kiingereza, vyovyote. Na anayejua njia halali ya kutazama mashindano ya dunia ya wakubwa ukiwa Dar aiweke hapa hapa ukurasa wa kwanza ili wengine wasihangaike. Wa kuniambia nihamie mpira, asijisumbue kujibu.