Mjadala: Yadi ilazimike kupokea gari bovu ulilouziwa?

Wakuu, leteni hoja, matusi hapana. Ukinunua gari lililotumika kwenye yadi hapa Dar, likaanza kuumwa ndani ya wiki mbili, yadi ilipokee na kurudisha hela, au tubaki na "mali ikishauzwa hairudi"?

Mimi nasema ilipokee, ila kwa ugonjwa uliofichwa tu. Taa ya injini inafutwa kwa mashine asubuhi, ukija saa nne dashibodi safi, ukifika Kibaha imerudi. Gari linawashwa mapema usisikie linavyokohoa likiwa baridi. Gia unazijaribu kwa kuzunguka yadi. Siku ya foleni barabara ya Mandela, oili ikishapata moto, gia ya rivasi haiingii mpaka ubembeleze. Mnunuzi angekagua nini zaidi?

Sheria ipo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa (Sura ya 214) inamtaka mfanyabiashara auze kitu kinachofaa kuuzika, isipokuwa kwa kasoro ambazo mnunuzi aliyekagua alipaswa kuziona. Lakini kwenye kurudisha inasema muda unaofaa tu, na kila mtu ana wake. Uingereza wana sheria ya 2015: ukinunua kwa mfanyabiashara, hata gari lililotumika, una siku 30 za kulirudisha lenye kasoro na kudai hela yote. Zikipita, muuzaji anapewa nafasi moja ya kutengeneza kwanza. Ukinunua kwa mtu binafsi, hiyo haikuhusu.

MZEE WA YADI
Mkuu, biashara hii naifanya. Mtu atachukua Noah Ijumaa, abebe watu wa harusi mpaka Moshi, Jumatatu anarudi shokapu zimelala anadai hela yake. Na kadi ishahamishwa TRA kwa jina lake: ada ya kuhamisha na ushuru wa stempu analipa nani mara ya pili? Mkitaka hayo, bei ikipanda msilie.

BINTI CHANG'OMBE
Ipande, lakini kadi ya TRA isiwe kichaka cha kujifichia. Gari iliyopita mnadani Japani ina karatasi yake ya ukaguzi. Ikiwa gredi R, ilishagongwa ikatengenezwa, na kilomita zimeandikwa hapohapo. Mbona hiyo hambandiki kwenye kioo? Mnabandika bei na "AC baridi".

FUNDI GEREZANI
Nendeni na fundi wenu jamani, siyo yule anayekaa getini kwa muuzaji. Ila na ninyi wenye yadi: nikiomba gari ipandishwe juu nione chini, au niendeshe nusu saa, mnaniambia mteja mwingine anakuja na hela. Mnunuzi akikataliwa ukaguzi, asiambiwe kesho kwamba alikagua.

MLETA MADA
Fundi umemaliza, hilo liandikwe kwenye mkataba badala ya ule mstari wa "limeuzwa kama lilivyo".

Mzee wa Yadi, ya harusi nimeielewa. Tuseme siku 7 au kilomita 500, kinachotangulia. Moshi kwenda tu zinapita. Kadi, aliyeficha ndiye alipe. Ila kilomita zilizorudishwa nyuma siziwekei siku. Hata nikigundua baada ya miezi sita, nakuletea gari lako, na tukate hela ya matumizi, sawa. Hapo unabisha nini?