Naomba ushauri: mtoto ana tetekuwanga na mama yake ni mjamzito

Habari zenu wapendwa. Mwanangu wa miaka 5 alitokwa na vipele juzi, daktari akathibitisha ni tetekuwanga. Mama yake ana mimba ya miezi 4 na hakumbuki kama aliwahi kuugua. Hilo ndilo linaninyima usingizi.

Nimemhamishia mtoto chumba kingine, namhudumia mimi niliyeugua utotoni, madirisha wazi, taulo yake peke yake. Lakini ugonjwa huu huenea kwa hewa pia, tena siku 1 hadi 2 kabla ya vipele kutokea, na siku hizo alikuwa analala na mama yake!

Je, kumtenga sasa bado kunasaidia, mpaka malengelenge yote yakauke? Na mama akapimwe damu leo hii kuona kama ana kinga, au tusubiri dalili?