Leseni ikiisha mdoli unakufa, na sisi tuliolipa mapema tunaambiwa oda imefutwa

Wakuu, nina hasira na sitazificha.

Juzi saa tano usiku nimepata ujumbe kutoka duka moja la mtandaoni huko Marekani. Miezi minane iliyopita niliagiza kwao mdoli mmoja wa shujaa, inchi saba, wenye viungo vinavyokunjika kuanzia shingoni hadi kwenye kifundo cha mguu. Nililipa kabla haujatengenezwa. Ujumbe wenyewe ni mistari miwili: oda imefutwa kwa sababu leseni ya mtengenezaji imefika mwisho, fedha zitarudishwa. Basi. Hata samahani hakuna.

Fedha zimerudi. Lakini mdoli ule ulikuwa wa sita katika seti ya midoli sita, na wanaokusanya wanajua maana yake. Kila boksi linakuja na kipande kimoja cha jitu kubwa: hili lina mkono, lile lina kichwa, ukimaliza seti unaunganisha jitu lako. Matano ninayo. Kila moja, ukijumlisha bei, usafiri na ushuru, halikupungua laki moja na nusu. Boksi la sita ndilo lenye mguu wa kushoto. Sasa jitu langu limeegemea ukuta wa kabati, mguu mmoja, na kiwanda kilichoanza kulitengeneza hakiruhusiwi tena kulimalizia.

Halafu kwenye uzi mwingine humu nakuta mtu anaandika kwamba kampuni za midoli zimeoza, hazijui kazi. Hapana, mkuu. Kalibu zipo, plastiki ipo, wachoraji wapo, wateja tupo. Kilichokwisha ni karatasi, yaani leseni, ruhusa ya kutumia sura ya shujaa.

Biashara hii ni ya upangaji. Kampuni ya midoli haimiliki sura ya shujaa, imepanga tu. Inamlipa mwenye shujaa mrabaha kwa kila mdoli unaouzwa, na juu ya hapo mara nyingi inaahidi kiwango cha chini ambacho lazima kilipwe hata midoli yote ikidoda ghalani. Pua ikichongwa, inapelekwa kwa mwenye mali aikubali. Rangi ya joho, vilevile. Mkataba ukiisha, kwa kawaida unapewa miezi michache ya kumaliza mzigo, baada ya hapo huruhusiwi kuuza hata mmoja. Kalibu ya chuma iliyogharimu maelfu ya dola inabaki chuma tu. Ni sawa na mpangaji aliyechimba kisima na kupaka nyumba rangi, halafu mwenye nyumba anamwambia hama, kuna mtu kaja na kodi kubwa zaidi.

Na usidhani anayeumia ni mpangaji mzembe peke yake. Angalieni kampuni ya midoli ya Mego ya New York. Miaka ya 1970 midoli yake ya inchi nane yenye nguo za kitambaa ilitawala maduka, Superman na Spider-Man chini ya paa moja. Mwaka 1976 wakaletewa leseni ya Star Wars wakaikataa. Filamu gani hiyo ya angani, nani anaijua? Kampuni nyingine ya midoli, Kenner ya Cincinnati, ikaichukua. Filamu ilipotoka Mei 1977 watu wakachanganyikiwa, na Kenner haikuwa na midoli tayari. Krismasi ile wazazi wakanunua bahasha ya kadibodi yenye hati ndani yake: tuma hati hii, mwanao ataletewa midoli minne mwakani. Watu walilipia karatasi! Mego yenyewe ikafilisika na kuomba ulinzi wa mahakama mwaka 1982. Star Wars haikuwa sababu pekee, ilikuwa na madeni na matatizo yake mengine, lakini leseni ile moja ingeweza kuibeba.

Sasa aliyeshinda aliishia wapi? Filamu tatu zilipokwisha, midoli ya Star Wars ya Kenner ikasimama mwaka 1985. Mwaka 1991 Kenner ikaangukia mikononi mwa Hasbro, kampuni nyingine ya midoli, na mwaka 2000 ofisi zake za Cincinnati zikafungwa. Aliyekataa alikufa, aliyekubali naye hayupo. Aliyebaki ni mwenye sura.

Kilichonichoma zaidi niliposoma historia hii ni mwaka 1997. Lucasfilm, mwenye Star Wars, ilikuwa inaandaa filamu mpya, ile iliyotoka 1999, na watengeneza midoli Hasbro na Galoob wakagombea leseni. Kilichokubaliwa ni mamia ya mamilioni ya dola za mrabaha uliodhaminiwa, pamoja na haki ya Lucasfilm kununua hisa za kampuni hizo. Yaani mwenye nyumba anakula kodi halafu anakuwa na sehemu ya duka lako! Galoob ikanunuliwa na Hasbro mwaka 1998, kabla hata filamu haijatoka. Filamu ikaja, ikaingiza fedha nyingi, lakini midoli ilikuwa imetengenezwa mingi kupita kiasi, ikabaki kwenye rafu mpaka ikauzwa kwa bei ya kutupa. Kodi ya juu hivyo inakulazimisha utengeneze kama mwendawazimu ili uirudishe.

Kuna aliyepatia, siwezi kukana. Kampuni ya midoli ya Toy Biz mwaka 1993 iliipa Marvel, mwenye Spider-Man, asilimia 46 ya hisa zake, na yenyewe ikapewa leseni ya mashujaa wote wa Marvel, ya milele, bila mrabaha. Marvel ilipofilisika mwishoni mwa 1996, kampuni ya midoli ndiyo iliyoichukua, wakaungana 1998. Mpangaji akanunua nyumba. Lakini mkataba kama ule nani atakupa leo?

Leo mambo ni haya. Mashujaa wa DC, akina Superman na Batman, wamepita kwa Mego, wakaja kwa Kenner 1984, Toy Biz 1989, wakarudi Kenner 1990, Hasbro, Mattel, kisha 2020 wakagawanywa kwa McFarlane Toys na Spin Master, halafu Mattel ikatangazwa kuwachukua tena kuanzia 2026. Kila aliyewashika alikuja na kipimo chake. Batman wa inchi nane, wa sita, wa saba, wa nne. Ukiwapanga kwenye kabati moja unaona baba, mtoto na mjukuu, wakati ni mtu yuleyule. Huyu mpya hawezi kukumalizia seti ya yule wa zamani, kalibu si zake. Power Rangers, wale mashujaa wa kwenye TV, nao: Bandai ilikuwa nao tangu 1993, Hasbro ikainunua chapa nzima mwaka 2018 kwa dola milioni 522, na baadaye kazi ya kutengeneza midoli yenyewe ikapewa Playmates. Aliyeanza kukusanya akiwa darasa la pili ameshahamishwa mara mbili bila kuulizwa.

Mtasema nikanunue Kariakoo, midoli ipo ya elfu tano. Ipo, naijua, wa kwanza wangu ulitoka huko, Spider-Man wa kijani. Ule hauna leseni ya mtu yeyote, na nilimpenda hivyohivyo. Lakini nilipoanza kulipa bei halali, nilitaka nipewe uhalali wa pande zote mbili.

Ninachodai si kikubwa. Kampuni inajua tarehe ya mwisho ya mkataba wake kuliko mtu yeyote. Isichukue oda ya mdoli ambao hautafika kabla ya tarehe hiyo. Na wenye mashujaa, wanapoandika hiyo mikataba ya kurasa mia, waweke kifungu kimoja: seti iliyoanza kuuzwa imalizwe, hata kama nyumba imeshapewa mtu mwingine. Duka nalo liandike wazi kwenye ukurasa wa bidhaa leseni inaisha lini. Nyama ya kopo inaandikwa tarehe ya mwisho, kwa nini mdoli wa laki na nusu usiandikwe?

Duka nimewaandikia barua pepe tatu, hawajajibu. Mwenye boksi la sita ambaye hana mpango na jitu, naomba tuwasiliane PM. Nahitaji mguu wa kushoto tu, mdoli wenyewe baki nao.