Tupeane uzoefu: nani anaangua artemia hai, vile vijikamba vya maji ya chumvi, kwa samaki wa tangi?

Wakuu, salamu kutoka Muyenga, Kampala. Vifaranga vyangu vya samaki wa enjeli havigusi unga wowote, hata ule wa bei ya kutisha. Vinataka kitu kinachocheza mbele ya macho. Nimepata kopo la mayai ya artemia, limeandikwa saa 24, lakini asubuhi ya pili bado naona vumbi la kahawia tu. Mnaoangua wenyewe, mwageni hapa. Mnatumia chumvi gani? Na umeme ukikatika?

Kambare wa Wakiso
Mkuu, usilaumu mayai, hiyo ni baridi. Saa 24 ni za maji ya nyuzi 26 hadi 28. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na usiku joto linashuka hadi 17 hivi. Sisi wa kambare hatuna ujanja wa kusubiri: kifaranga akimaliza kiini chake, siku ya tatu hivi, anataka kula hapo hapo. Chukua chupa ya soda ya lita 2, kata kitako, igeuze mdomo chini. Chumvi gramu 25 hadi 30 kwa lita. Mrija wa hewa ufike chini kabisa, bila jiwe la kutawanya hewa, mapovu makubwa yazungushe mayai yasitulie. Kando weka balbu ya kizamani ya wati 40. Hizi za kisasa zinaangaza bila kupasha joto. Mwanga nao unahitajika, ndio unaoyaamsha mayai.

Kasese
Chumvi ya Ziwa Katwe iko mlangoni kwangu lakini kwa kazi hii siigusi. Ina kabonati na salfati, na gunia hili si sawa na lile. Nanunua ya bahari, ya mawe. Kichekesho ni kwamba mayai mengi yanavunwa Great Salt Lake kule Marekani, ziwa la chumvi kama letu!

Dada wa Jinja
Kuvuna ndiko kwenye kazi. Funga hewa dakika kumi, funika chupa juu kwa kitambaa cheusi, mulika tochi chini. Watoto wa artemia wanafuata mwanga, maganda yanaelea. Vuta walio chini kwa mrija, chuja kwa kitambaa chepesi, suuza kwa maji yasiyo na chumvi. Maganda yasiingie tangini, yanaziba matumbo ya vifaranga. Lisha mapema, maana baada ya muda wa saa nane hivi tangu aanguliwe artemia anajivua ngozi na akiba ya kiini inakwisha. Unabaki kulisha samaki maji. Na kidogo kidogo: wasioliwa wanakufa baada ya saa chache na kuchafua tangi.

Entebbe
Nkejje wangu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria, wanawapigania artemia. Mbuna, samaki wa Ziwa Malawi, nawanyima, wale ni wakwangua mwani, nyama nyingi huwavimbisha.

Arua
Umeme ukienda, wamwage artemia kwenye sinia pana, maji ya kina cha vidole viwili. Hewa inaingia yenyewe. Mimi nina pampu ya volti 12 kwenye betri ya sola, nalala.

Muyenga
Asanteni sana. Balbu nimeifunga. Kopo lililofunguliwa linakaaje?

Kambare wa Wakiso
Lifunge kabisa, liweke kwenye friji, na kijiko kiwe kikavu. Yakinyonya unyevu, hata balbu haitasaidia.